Uwanja Ulioandikwa Kuwa Hautumiki

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vipya vilivyonibana, nikapanda ngazi za ofisi ya miradi ya mji nikiwa nimejitayarisha kupiga chapa. Hiyo ndiyo kazi niliyoijua. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, na mimi Kadzo, msichana wa Rabai niliyepanga chumba Majengo, nilikuwa nimeajiriwa ukarani. Lakini Mkuu wa Mipango hakunionyesha taipureta. Alinipa kitabu kinene cha Kiingereza, kilichoandikwa na wataalamu juu ya ukarabati wa gati la samaki kule Liwatoni, akaniambia nikisome hadi adhuhuri, kisha nimweleze kilichomo kana kwamba yeye ni mamangu.

"Mamangu hajui gati ni nini," nikamwambia.

"Basi anzia hapo," akasema.

Mkuu alikuwa mtu wa bara, wa upande wa ziwani, aliyekaa Mombasa hata Kiswahili chake kikawa na adabu kuliko changu. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba kitabu kile kinaitwa ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira. Kabla kitu hakijajengwa, wataalamu hupima kitakachoharibika na kitakachopona: maji, miti, hewa, kelele, hata riziki za majirani. Halafu ripoti husomwa mikutanoni mbele ya wenyewe wakaazi, ili waseme yao kabla ya uamuzi. Wakati ule sheria ya mazingira ya nchi ilikuwa bado haijapitishwa. Waliotaka mikutano ile ni wafadhili, na wahandisi wengi waliiona kama adhabu. Mkuu wangu aliipenda kama wengine wapendavyo mpira.

Adhuhuri ilipofika nilimsomea nilichoandika. Nilikuwa nimejaza maneno makubwa ili nionekane msomi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama mimi mwenyewe ningeweza kubishana na yale niliyoyasoma. Nikasema siwezi, kwa kuwa nusu yake siielewi.

"Mimi nataka mtu akikusikia aweze kukataa," akasema. "Kama hawezi kukataa, hata akikubali hajanisaidia."

Nikaandika upya. Mahali nilipokuwa nimeweka "kuongezeka kwa mashapo" nikaandika kwamba tope litatibuliwa na maji yatakuwa machafu kwa muda. Nilirudi Majengo jioni ile na vidole vyenye wino, nikijiona nimepata kazi nisiyojua hata jina lake.

Mkutano wangu wa kwanza ulikuwa huko huko Liwatoni, na niliupanga asubuhi. Viti vilipangwa vizuri, jagi la maji likawekwa, na hakuja mtu. Mashua zilikuwa zinateremsha samaki, na hakuna anayeacha samaki juani aje kusikiliza habari za tope. Mkuu hakunigombeza. Alivua koti, akaketi juu ya sanduku la barafu akangoja, na kazi ilipokwisha wale watu walizungumza nasi huku wakiosha sakafu, tena walizungumza sana. Tangu siku hiyo sikupanga saa ya mkutano bila kuuliza kwanza watu wa pale huwa wanafanya nini saa hiyo.

Kizingo, mtaa wa wenye nazo, kulikuwa kwengine kabisa. Barabara ilitaka kupanuliwa na miti ikatwe. Watu walikuja na magari yao, kila mmoja ameisoma ripoti kunishinda mimi, wakazungumza kwa zamu na kwa sauti ya chini. Walileta pingamizi, yaani hoja za kukataa zilizoandikwa kwa utaratibu, na Mkuu alizipokea kwa furaha kana kwamba ni zawadi. Huko nilijifunza maana ya "mbadala": njia nyingine ya kufanya jambo lile lile. Barabara ilipindishwa kidogo, na miarobaini mingi ikabaki. Nikipita pale, natembea upande wa kivuli kwa makusudi.

Nilikuwa nimekwisha kupandishwa cheo nikawa afisa wa mashauriano ulipoletwa mradi wa Mji wa Kale. Hapo mimi huona ndipo kazi yangu ilipoanza kweli.

Mabomba ya maji taka ya mtaa ule yalikuwa ya zamani na yamechoka. Kila masika maji machafu yalipanda kwenye vijia na kuingia majumbani. Mpango ulikuwa kutandaza bomba jipya, na kwa kuwa mtaa uko bondeni kidogo, palihitajika kituo cha pampu cha kuyasukuma maji yale yapande. Kituo kingejengwa kwenye uwanja mdogo uliozungukwa na nyumba za ghorofa. Ripoti iliueleza uwanja huo kwa maneno machache: eneo la wazi, halitumiki. Wapimaji walikuwa wamefika asubuhi za katikati ya wiki, na kwa kweli asubuhi hizo hapakuwa na kitu ila paka.

Mkutano tuliufanya kwenye ukumbi wa madrasa baada ya swala ya alasiri. Wanaume walijaa. Waliuliza juu ya harufu, juu ya kelele, na kama vijana wa mtaa watapata kazi ya kuchimba. Mhandisi Mkuu, bwana mrefu aliyetoka bara mwaka ule ule, aliwajibu vizuri. Mwenyekiti wa wakaazi, Mzee Abdalla, akashukuru, dua ikasomwa, mambo yakaisha. Nilifurahi. Mikutano mingine huisha kwa watu kusukumana.

Nilipokuwa natoka na makaratasi yangu, mwanamke mmoja aliniita kutoka dirisha la juu. "Ndoo yuu, mwanangu," akasema, yaani nipande. Nikapanda. Alikuwa Bi Zuhura, mpishi wa pilau za harusi anayejulikana mtaa mzima, mtu wa makamo mwenye mikono mipana. Alinipa kahawa na kaimati, akaniuliza afya ya mamangu asiyemjua, kisha akauliza huko chini tumeongea nini. Nikamweleza. Bomba lilimpendeza, kwa kuwa masika iliyopita maji yalikuwa yameingia hadi kwenye ua wake.

"Na uwanjani mwatia nini?" akauliza.

Nikamwambia. Akaufungua ubao wa dirisha zaidi ili niuone vizuri. Pale, alisema, ndipo masufuria ya harusi zote za mtaa huwekwa. Pale ndipo wanawake huketi usiku wa ngoma, na bibi harusi huletwa atazamwe. Nyumba zile hazina ua wa kutosha watu mia. Bintiye wa mwisho, Mwanahawa, alikuwa ameposwa, na harusi ilikuwa baada ya Ramadhani.

"Wanaume wenu hawakulisema hilo," nikamwambia.

"Harusi yao huwa msikitini," akasema. "Wao huja uwanjani kula tu, tena sahani huwafuata barazani."

Nilishuka ngazi zile furaha yangu imeniisha. Ofisini nilipoeleza, Mhandisi Mkuu alinikumbusha kwamba mkutano umefanyika na mwenyekiti ametia sahihi. Wafadhili wanangoja ripoti, akasema, na mradi ukirudi mezani huenda ukasukumwa hadi awamu nyingine, na hakuna anayejua awamu nyingine itakuja lini. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa ameyaona yale maji kwa macho yake, na alitaka kuyaondoa.

Mkuu wa Mipango alivua miwani. "Bi Kadzo, wanawake walikuwa wangapi mkutanoni?"

"Nilikuwa mimi peke yangu, Bwana Mkuu."

"Basi tumefanya nusu ya mkutano," akasema. "Kamalizie nusu iliyobaki. Na Mhandisi aende nawe."

Nilirudi kwa Bi Zuhura kumwomba anisaidie kubandika matangazo. Akacheka mpaka akafuta machozi. Mwanamke wa Mji wa Kale haalikwi na karatasi ukutani, alisema. Huendewa mlangoni, akaambiwa kwa mdomo. Basi tukatoka wawili, yeye na buibui lake na mimi na gauni langu la kazini, nyumba kwa nyumba, ngazi kwa ngazi. Kila mlango tulipiga hodi, tukaulizana hali mpaka hali zikaisha, kisha yeye akasema, "Bi Kadzo awaalika uwanjani siku ya Jumamosi, kuna maneno ya bomba." Kufika mtaa wa pili mwaliko nilikuwa nausema mimi, na yeye anasimama nyuma yangu akinisahihisha. Sijapata kuifurahia kazi kama nilivyoifurahia juma lile.

Jumamosi walikuja na viti vyao, na mikeka, na watoto. Uwanja ukanukia asumini. Tulitundika ramani kwenye kamba ya nguo kwa vibanio, na Mhandisi Mkuu akakaa chini yake amenyooka kama mkwe mgeni. Nilisoma muhtasari wangu. Nilipofika kwenye maneno "halitumiki", kicheko kilianza mkekani kikapanda hadi madirishani, na Mhandisi mwenyewe akacheka.

Nilidhani sasa kila mtu atasema hapana, nami nitaandika hapana. Lakini akainuka mama mmoja kijana, jina lake Saumu, amembeba mtoto. Chumba chake kilikuwa cha chini kabisa, mwisho wa kijia.

"Mimi naitaka pampu hata leo," akasema. "Wanangu waugua kila masika. Nyinyi muko yuu, mwaona uwanja. Mimi niko tini, naona maji. Harusi yaweza kufanywa popote."

Kalamu yangu ilisimama. Nilimtazama Bi Zuhura, ambaye wote walikuwa wakimtazama. Akamjibu taratibu kwamba asemalo Saumu ni haki, na kwamba kama ni lazima kuchagua baina ya sufuria zake na afya ya watoto wale, basi yeye sufuria atazipeleka kwengine. Aliyasema bila kinyongo. Lakini niliona jinsi Mwanahawa, aliyekuwa amekaa nyuma ya mamake, alivyoinamisha kichwa.

Hapo Mhandisi Mkuu akainuka. Hakuhutubia. Aliuliza sufuria kubwa kabisa ina upana gani, na moto huwashwa upande upi, na wanawake hukaa wapi. Wakamwonyesha wote kwa pamoja. Akatoa futi yake ya chuma na chaki, akawa anapima na kuchora chini, watoto wakimshikia ncha. Kisha akatueleza. Pampu yenyewe, alisema, yaweza kuzikwa ardhini, ikafunikwa kwa vifuniko vizito vilivyo sawa na sakafu, na watu wakapita juu yake. Kisichoweza kuzikwa ni kabati la swichi za umeme, na hilo lahitaji chumba kikavu kilicho karibu. Chumba hicho yeye hana.

"Chini ya ngazi zangu pana stoo," akasema Bi Zuhura. "Ni ya kuni na masufuria. Ni kavu."

"Na masufuria utayaweka wapi, Bi Zuhura?" nikauliza.

"Kwangu," akasema Saumu. "Maji yakikoma, nafasi ninayo."

Vigelegele vilivyopigwa pale sikujua jinsi ya kuviandika katika kumbukumbu za mkutano. Niliandika kwamba wakaazi waliunga mkono mbadala.

Hilo halikumaliza shughuli. Mhandisi alichora upya michoro yote, tukaipeleka kwa wafadhili, tukangoja. Mzee Abdalla alikuja ofisini mara kwa mara kuuliza, na safari moja alikiri kwamba nyumbani kwake hakuna anayezungumza naye habari nyingine. Mkuu wa Mipango, mtu mtulivu, alianza kuvunja penseli. Kisha jibu likaja: wamekubali, na kazi isicheleweshwe.

Mwanahawa aliolewa bomba likiwa limefika nusu ya mtaa na shimo la pampu uwanjani limeshafunikwa. Nilialikwa, kwa mdomo, mlangoni pangu Majengo, na Bi Zuhura alikuja mwenyewe. Nilikaa mkekani na wenzangu, masufuria yakichemka karibu na vifuniko vipya, Saumu akisimamia mchele. Barazani Mhandisi Mkuu alikuwa akila pilau na Mkuu wa Mipango, na nilimsikia akiwaeleza wanaume uzito ambao vifuniko vile vinaweza kubeba.

Baadaye Mkuu alistaafu akarudi kwao ziwani, Mhandisi akahamishwa, sheria ikaja, na yale tuliyokuwa tukiyafanya kwa kubahatisha yakawa wajibu wenye vifungu. Niliwafundisha vijana wengi. Nami zamu yangu ilipofika nikaagwa kwa keki na hotuba, nikarudi Rabai kulima mihogo na kupumzika.

Vijana huniuliza kama sichoki kukaa bure. Nitawaeleza jambo lililonipata juzi. Watu wa kaunti walikuja kijijini kwetu na ripoti ya machimbo ya mawe yanayotaka kufunguliwa ng'ambo ya kijito. Nilikwenda kama kila mtu, nikakaa benchi la nyuma. Afisa alikuwa binti mdogo, na alisoma vizuri, kwa Kiswahili nilichokielewa. Alipouliza nani ana swali, niligundua kwamba katika miaka yangu yote ya kuwaita watu waseme, sikuwahi hata siku moja kuwa mimi ninayesema. Nikanyanyua mkono, nikasimama, nikauliza malori yatapita wapi saa ambazo watoto wanakwenda shule.

Binti yule alichukua kalamu. Alimgeukia mhandisi wake, akanigeukia tena. "Mama, rudia taratibu," akasema, "nisipoteze neno."

Nikarudia. Nilipoketi, mwanamke aliyekuwa kando yangu, ambaye alikuwa hajasema kitu tangu tufike, akavuta leso yake akasimama kuuliza la kwake.