Folda Tupu ya Printa

Nilikuwa kidato cha pili. Likizo ile nilikuwa nikijifunza kompyuta kwa kijana mmoja wa kanisa letu, aliyefundisha mtaani Gatina kwenye chumba kilicho juu ya duka la mahindi. Nilimpenda mwalimu huyo kwa sababu hakunilazimisha kuongea.

Siku moja nilimpeleka kwake mama mmoja, jirani yetu wa mtaa wa Soweto West. Alikuwa amefiwa na mumewe, na jioni basi lingeondoka na mwili kwenda kwao, upande wa ziwa. Shemeji yake alishachapisha karatasi za mazishi, ila kwenye majina ya watoto wa marehemu, kitindamimba hakuwemo. Na kitindamimba mwenyewe alikuwa hapo mgongoni mwa mama, amelala, mate yakimtoka.

"Tichee," nilimwanza mwalimu, kisha maneno yakaniishia. Yule mama akaeleza mwenyewe.

Nilipiga chapa karatasi upya na mtoto nikamweka mahali pake. Kufika kwa kuchapisha, mwalimu akashika kichwa. Asubuhi alikuwa ameanza kuweka toleo jipya la programu ya printa, nalo likakwama. Kabla toleo jipya halijaingia, mashine huendesha skripti ya lile la zamani, yaani maagizo mafupi ya kuliondoa. Skripti hiyo ndiyo iliyogoma. La zamani limetoka nusu, jipya liko mlangoni, na printa imekaa tu.

Akajaribu tena. Kosa lilelile.

"Mathe, si tumwongeze kwa kalamu kwa zile za shemeji?" alimwuliza yule mama.

"Kwa kalamu?" Mama alicheka, lakini macho hayakucheka. "Waseme nimemwokota njiani? Na hiyo mashine yenu, nayo imefiwa?"

"Ama nifute kila kitu nianze upya," mwalimu alisema. "Lakini hiyo ni mpaka kesho."

 Mama alivuta leso akamfunika mtoto vizuri, kama mtu anayejiandaa kwenda.  Hapo nikasema, kwa sauti ndogo mpaka mwalimu akaniambia nirudie: "Si tufungue hiyo skripti tusome inataka nini?"

Kumbe ni maandishi tu, mtu anaweza kuyasoma. Mstari mmoja uliiamuru iingie kwenye folda ya kazi zinazosubiri printa, iifagie, ndipo iondoke. Folda haikuwepo.

"Ai! Hiyo si nilifuta mimi?" Mwalimu alicheka hadi akakaa chini. Diski ya kompyuta ile ilikuwa ndogo kama nyumba zetu, na kila ilipojaa alitupa asichokitambua. Basi skripti ilikuwa kama mpangaji aliyeambiwa afagie chumba kabla ya kuhama, na chumba chenyewe kimeshabomolewa.

Hatukuhitaji kurudisha kilichokuwa ndani. Tuliunda folda tupu yenye jina lilelile, tukajaribu tena. Skripti ikaingia, ikakosa cha kufagia, ikatoka bila kelele. Toleo jipya likaingia.

Printa ilipoanza kukwaruza, mtoto aliamka akalia. Mama alichukua karatasi ya kwanza, akanipa.

"Nisomee hapo kwa watoto."

Nilisoma. Nilipofika kwa jina la mwisho nilipaza sauti kuliko nilivyowahi kuipaza mbele ya watu, maana mtoto alikuwa analia na nilitaka mama asikie.

Alimtikisa mgongoni. "Umesikia?" alimwambia. "Uko. Sasa twende tumzike baba yako."