Matapishi ya Mpishi

Mpishi wa kantini ya kiwanda cha sabuni walimwita Chumvi, maana chumvi yake haikuwahi kuzidi wala kupungua. Ulimi nao alikuwa nao. Fundi aliyelalamika kwamba maharage hayajaiva aliambiwa akayamalizie kwenye mtambo wake.

Kitu kimoja tu hakukifanyia mzaha. Mfuko wake wa mayai wa kushoto ulishatolewa zamani kwa sababu ya uvimbe. Ulibaki wa kulia, na yeye na mumewe bado walikuwa wanatafuta mtoto.

Asubuhi hiyo aliinama kuinua sufuria, maumivu yakamchoma ghafla chini ya tumbo, upande wa kulia. Akakimbilia nyuma ya stoo, akatapika, akafuta mdomo kwa aproni, akarudi kukoroga. Yakatulia. Yakarudi. Akatapika tena, kwa siri vilevile. Mpishi akionekana anatapika, nani atatia kijiko mdomoni? Basi akajikaza, mjinga yule, na namwita mjinga kwa kumpenda, mpaka miguu ikamwishia sakafuni.

Msimamizi wa kantini akampakia kwenye gari lake hadi hospitali. Wifi yake Chumvi, dada wa mumewe, akawakuta hapo.

Daktari, mama wa maneno machache, akambonyeza tumbo.

"Umetapika?"

Chumvi akamtupia jicho msimamizi, aliyesimama mlangoni na funguo mkononi.

"Hapana, daktari. Na sasa yametulia, naweza kurudi kazini."

Daktari akaanza kuandika dawa ya maumivu.

Wifi akamwinamia sikioni. "Wifi, aproni yako inanuka matapishi. Mficha uchi hazai."

Methali hiyo Chumvi aliisikia tangu utotoni, lakini siku hiyo ilimwingia hadi kwenye mifupa. Akaogopa. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani mwake.

"Nimedanganya," akasema kwa sauti. "Nimetapika tangu asubuhi. Na mfuko wa mayai wa upande huu ndio pekee nilio nao."

Msimamizi akatoka na simu sikioni. Maharage yote yalimwagwa, wafanyakazi wakala mikate mikavu, na maneno yakaanza.

Picha ya tumbo ilionyesha uvimbe uliojaa maji kwenye mfuko huo. Uzito wake ulikuwa umeuzungusha mfuko kwenye shina lake, damu ikawa haipiti vizuri.

"Kutulia si kupona," daktari akasema. "Mfuko unajilegeza kidogo, kisha unajisokota tena. Tunakupasua sasa hivi."

"Mkikuta umekufa?"

"Nitautoa."

Alipozinduka, wifi alikuwa amekaa pembeni, macho mekundu. Daktari ndiye aliyesema.

"Mfuko ulikuwa mweusi. Tumeunyoosha, tumeondoa uvimbe, wenyewe tumeuacha. Mara nyingi rangi hiyo hutisha bure, mfuko hurudi kuwa mzima. Lakini siwezi kukuahidi. Tutaupiga picha baada ya wiki kadhaa."

Wiki hizo hakula vizuri, hakulala vizuri, na mumewe alijifunza kutomuuliza kitu.

Siku ya picha alilala kitandani, wifi kamshika mkono. Daktari akapitisha kipimo tumboni, akasogeza, akarudia. Kisha akageuza skrini na kugusa kiduara kidogo cheusi.

"Hili ni yai linalokomaa. Mfuko uko hai."

"Wifi," akasema wifi yake, "utanivunja vidole."

Chumvi hakumwachia.