Tangi Lililokazwa kwa Mpira

Kigari tulichokodi kilizima mara ya kwanza tulipotoka tu Ulemo. Kiti cha nyuma alikuwepo mama mjamzito, uchungu umeshamwanza, amemng'ang'ania mama yake mkono. Dereva akashuka, akafungua tangi kuchungulia mafuta, akaliziba tena. Mfuniko wake ulipotea siku nyingi, kwa hiyo huziba kwa nailoni na kukaza kwa mpira wa tyubu, wezi wasije wakanyonya.

Kikawaka, kikaenda kidogo, kikazima. Akachungulia tena, akaanza kukaza mpira.

"Wee baba, achana na huo mpira! Mwenzako anajifungua humu!" yule mama wa mjamzito akapiga kelele.

Akauacha ukining'inia. Hatukuzima tena mpaka hospitali. Hapo ndipo nilipoelewa: tangi likizibwa kabisa halipati hewa, na mafuta hayafiki kwenye injini.

Wale wawili walipopokelewa, nikamweleza dereva. Alinisikiliza kwa adabu, kichwa kikikubali, mikono ikikaza mpira.

"Kweli kabisa, mzee," akasema. "Ila wezi wa hapa getini hospitali nawajua. Panda turudi."

Nikapanda. Wewe msomaji ungefanyaje? Gari la kurudi Ulemo lilikuwa hilo tu.