Nna Mshipa

Baba aliniambia mara tatu kabla hajafa, kwa Kiswahili safi, na mimi sikumwelewa.

Mara ya kwanza ilikuwa siku moja baada ya kubeba mtungi wa gesi. Gari la gesi lilipita mtaani kwetu Mabela, hapa Maskati, likipiga honi, na badala ya kuwangoja wenye gari wautie ndani, akaubeba mwenyewe kutoka getini mpaka jikoni, mzee wa miaka sabini na minane. Nilimgombeza sana. Nyumba yetu ni ya watu wawili tu, mimi na yeye, na hapakuwa na mwingine wa kumgombeza. Kesho yake nikamkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, mkono pajani.

"Nna mshipa, mwanangu," akasema, na huku anatazama dirishani.

Mimi nimezaliwa Maskati. Kiswahili changu nimekipata jikoni, kwa marehemu mama na shangazi zangu waliotoka Unguja, na huko jikoni mshipa ni mshipa tu: ukikaza shingoni unasuguliwa mafuta ya nazi, ukivuta mguuni unafungwa kitambaa. Nikamwona anachechemea, anashika paja, nikafikiria ule ugonjwa ambao Waarabu huuita irq nnasa, maumivu yanayoteremka kutoka kiunoni hadi mguuni. Nikajiona nimeelewa, na mimi nikishaelewa kitu sisikii tena. Mwenzangu wa ofisini alikuwa ametibiwa mgongo na daktari wa Kichina wa sindano kule Azaiba, akimsifu kutwa. Nikachukua miadi siku hiyo hiyo.

Daktari alikuwa mtu mpole. Kiingereza chake kilikuwa cha taratibu, na Kiarabu chake hakikuvuka salamu na "lala hapa." Akamshika baba kifundo cha mkono kwa vidole vitatu, akawa anavibonyeza kimoja kimoja, mkono wa kulia kisha wa kushoto, macho kayafumba.

"Anapiga kinanda?" baba akaniuliza.

Nikamkanya anyamaze, na mwenyewe nacheka.

Kisha daktari akaeleza. Ukutani palikuwa na picha ya mtu asiye na nguo, amechorwa mistari kutoka utosini hadi vidoleni. Baba tangu kuingia alikuwa ameipa kisogo, kwa haya. Daktari alisema ile mistari si njia za damu. Ni njia za nguvu ya mwili, na pale inapoziba ndipo panapouma. Zipo njia kuu, na kutoka kwenye hizo huchipuka matawi madogo yanayoziunganisha na kuifikisha nguvu kila pembe. Nilitafuta neno la Kiswahili la njia kama hizo, sikulipata, nikachukua lililokuwa karibu.

"Baba, anasema mtu ana mishipa mikubwa na mishipa midogo, na mshipa wako mmoja una matatizo."

Baba akachangamka. "Enhe! Mshipa! Mwambie ndo huo huo. Huyu bwana anaijua kazi yake."

Basi tukawa tumekubaliana watatu, kila mmoja anazungumzia kitu chake.

Daktari akaenda kwenye picha. Akaweka kidole kwenye dole gumba la mguu, akapanda nacho kwa upande wa ndani. Juu kidogo ya kifundo akasimama kutuonyesha tawi dogo linalochepuka hapo, akalifuata kupita gotini, pajani, mpaka sehemu za siri. Akanigeukia. Muulize mzee, akasema, ana uvimbe wowote huku?

Kidole chake kilikuwa bado pale. Nina miaka arobaini na sita. Nimeolewa, nimeachika, nimemwosha mama yangu alipofariki. Lakini kumtajia baba yangu mahali pale, mbele ya mwanamume mwingine, nilishindwa kabisa.

"Anauliza, una uvimbe mguuni?"

Baba akaitazama miguu yake. "Mguuni? Hata."

"Hakuna," nikamwambia daktari. Akaandika.

Tulikwenda wiki nne, kila Jumatatu na Jumatano. Baba analala chali nusu saa, sindano miguuni, akiinuka ni mwepesi. Siku moja garini akaniambia, anatabasamu, "Leo mshipa umerudi." Hiyo ilikuwa mara ya pili. Nikadhani ni namna yake ya kusema amepata nafuu, nikajisifu moyoni kwa kumpeleka.

Mara ya tatu ilikuwa Ijumaa, alipotoka msikitini. Alikaa sebuleni amejikunja, chakula hakukigusa.

"Mshipa leo haukurudi," akasema.

"Vumilia, baba. Jumatatu tuna miadi."

Nilimwambia hivyo. Alasiri akaanza kutapika, tumbo limekuwa gumu kama ubao, nikampeleka hospitali mbio. Walinitoa nje ya pazia wakamfunua, na daktari alipokuja alinitajia jina la ugonjwa kwa Kiingereza. Kwa Kiingereza niliujua. Utumbo ulikuwa umepenya chini ya tumbo na kunasa. Wakati wote ule, akilala ulirudi ndani, akisimama ulitoka tena.

Nikampigia shangazi yangu mmoja aliyebaki Unguja. "Mimi aliniambia ana mshipa tu, shangazi!"

"Si ndo ngiri hiyo, mwanangu. Mshipa wa wanaume. Nani asojua?"

Mimi. Wanawake wa jikoni kwetu hawakuwahi kulitamka hivyo mbele ya watoto wa kike. Na kwa baba hilo ndilo lilikuwa neno la adabu, ambalo mzee anaweza kumwambia binti yake bila ya kuvunjiana haya. Alilichagua kwa kunistahi. Nilimkasirikia mama, nikakikasirikia Kiswahili, nikamkasirikia hata yule Mchina aliyeuliza swali lile lile lililotakiwa. Hasira zote hizo hazikunisaidia kitu, kwa sababu swali nililimeza mimi.

Walikata kipande cha utumbo kilichokufa. Siku ya tano homa ikapanda, na daktari wa upasuaji, mgeni anayezungumza Kiingereza, akasema lazima wamfungue tena. Kabla ya hapo alitaka maelezo. Kiarabu cha baba kilikuwa kimemkimbia kwa homa, amebakiwa na Kiswahili peke yake, kwa hiyo nikawa mkalimani tena. Niliapa safari hii sipunguzi hata neno.

Muulize uvimbe ulianza lini. Nikamuuliza, na mahali nikapataja kwa jina lake. Baba akafumba macho. Siku ya mtungi, akajibu.

Muulize kwa nini hakumwambia mtu.

Nikamuuliza. Baba akafumbua macho, akanitazama mimi, si daktari.

"Mwambie sikumwambia mtu," akasema. "Niliona haya."

"Baba, uliniambia."

"Mwambie nnavyokwambia."

Daktari anangoja na kalamu yake. Nikatafsiri neno kwa neno: anasema hakumwambia mtu, aliona haya. Akaandika, wakaja na kitanda cha magurudumu wakamchukua, na baba hakusema tena mpaka alipokufa.