Twiga wa Baba na Miguu Yao

Nilimdanganya mgeni, tena kwa Kiingereza, mbele ya baba yangu, nikijua hatashika hata neno. Nalisema mwenyewe kabla halijasemwa na mtu mwingine.

Baba huchonga twiga. Pale kwenye banda la kuchongea vinyago, karibu na mtaa wa Mukuru kwa Reuben tunakoishi, kuna wachongaji wa simba na wa vifaru, lakini ukiuliza fundi wa twiga utaonyeshwa yeye. Hana cheo kingine duniani. Mimi na mama tunavipiga msasa vinyago na kuvipaka rangi ya viatu, kwa hivyo vidole vyangu ni vya kahawia muhula mzima.

Mgeni alikuwa mama wa makamo kutoka Uholanzi, mwalimu, kofia kubwa kama sinia. Alisema amekuja kuona makabila yetu, miji yetu na wanyama wetu, na alikuwa na daftari la kuandika yote. Akaniuliza huyu fundi amewajuaje twiga namna hii.

"Mwambie nilitazama twiga wa mjomba wangu," baba akasema bila kuinua kichwa. "Na mjomba alitazama wa mtu mwingine. Mimi twiga mzima sijawahi kumwona."

Nikamgeukia mgeni nikamwambia baba alilelewa porini, na kila asubuhi twiga walikuwa wakiingiza vichwa dirishani kumwamsha aende shule. Akaandika. Nikaongeza kwamba mmoja alikuwa anakunywa chai. Na hilo akaandika.

Nilidhani mchezo umeishia hapo. Kumbe mgeni ana gari la kukodi, na kesho yake, Jumamosi, anataka baba aende naye mbugani amweleze habari za wanyama. Baba nilimwambia tumealikwa tu kutembea. Akavaa koti la kanisani.

Sasa sikilizeni. Kutoka kwetu hadi uzio wa ile mbuga si mbali: unavuka viwanda vya Industrial Area, unavuka Barabara ya Mombasa, basi. Nimeishi hapa miaka kumi na mitano na mbuga naijua kwa picha za kalenda. Tulipita lango, na muda si muda nyasi zikafika dirishani, na nyuma yetu maghorofa ya mjini yamesimama palepale, kama hayajui. Pundamilia walikuwa wananuka. Hakuna kalenda iliyowahi kuniambia pundamilia wananuka. Nikaegemea dirisha nikatazama tu, na mimi situlii hata mwalimu mkuu akiomba.

Halafu akatokea twiga nyuma ya mgunga, akavuka barabara mbele yetu polepole, kama mwenye shamba.

Mgeni akafungua daftari. "Muulize baba yako, huyu anaenda wapi saa hizi?"

Sikuuliza. Baba alikuwa ameshika kiti cha mbele kwa mikono miwili, macho kwenye miguu ya yule mnyama.

"Upande mmoja," akasema. "Anainua wa mbele na wa nyuma, wa upande mmoja, pamoja. Unaona? Mimi huwachonga wakitembea kama ng'ombe. Wote. Wote nimewakosea."

"Anasema nini?" mgeni akauliza.

Uongo nilikuwa nao tayari, tena mtamu. Lakini sikuwa nimewahi kumsikia baba akisema amekosea. Nikamwambia mgeni yote: la mjomba, la dirisha, la chai. Shingo yake ikawa nyekundu. Akafunga daftari, akavua kofia, akamwambia baba kwa Kiswahili chake kidogo cha kitabuni, "Mimi pia naona twiga mara ya kwanza."

Baba akanigeukia. "Mbona amekuwa mwekundu?"

Nikamweleza na yeye. Nikangoja kofi. Halikuja, na hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Jioni alikaa mbele ya sahani ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, bila kuigusa. Alisema hawezi tena kuitwa fundi wa twiga. Kuanzia Jumatatu atachonga vijiko. Mama alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema hivi, neno kwa neno:

"Hao twiga wako wote wamepanda ndege na wageni waliowanunua, na hakuna hata mmoja amerudishwa kwa sababu ya miguu. Jumatatu mchonge huyo uliyemwona. Kula muthokoi kabla haijapoa. Na wewe, kabla sijakushika, niambie: hiyo gari ilikuwa na viti vingapi, hata mimi nikaachwa nyumbani?"