Kitambaa Juu ya Sola

Mkunga yule watu walimwita Bi Pokea. Alikuwa amepokea watoto wengi mno, hata akipita njiani nusu ya mtaa ilimwamkia ikiinamisha macho, maana aliwaona uchi kabla mama zao hawajawaona. Na wote aliwapokea kwa chemli moja. Nyumbani kwake kibatari kilikuwa cha jikoni na tochi ya kwendea chooni, lakini chemli haikuguswa na mwingine. Kioo chake alikisugua kwa majivu hadi nzi wakateleza.

Taa ya sola ililetwa na mkwewe, mke wa mwanawe, mwenye mimba ya miezi minane. Paneli ikawekwa juu ya kipaa cha jiko. Siku ya kwanza taa iliwaka nyeupe pe. Siku ya nne ikazimika kabla chakula hakijaiva.

"Nilisema mimi," alisema Bi Pokea. "Jua halifugwi kisandukuni kama kuku."

Asubuhi mkwe akapanda kigoda achungulie. Paneli ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma, chenye maua pembeni, pacha wa kile cha redio.

"Mama! Umeivalisha sketi?"

"Kitu cha thamani hakiachiwi vumbi."

"Lakini hii inakula jua, mama! Umeifunga mdomo!" Akacheka mpaka akashika tumbo. "Haya, tukitoe."

"Kiache."

Kicheko kikakatika. "Siku zangu zimekaribia. Utanipokea kwa taa gani?"

"Chemli. Haijawahi kuniangusha." Akakaa kizingitini. "Imewahi, mwanangu. Mara moja. Yule marehemu binti wa mfinyanzi. Mvua ilikuwa kubwa, mchana, tukafunga madirisha. Nikaona weusi chini ya kanga, nikadhani ni kivuli changu. Nilipoushika, ulikuwa na majimaji, tena ya moto. Mama yake, huyo mfinyanzi, nilimwambia damu ilikuja ghafla, hakuna ambaye angeiwahi."

Mkwe akashuka kigodani, akakaa kando yake.

"Nikiwasha hiyo yako nikaona kila kitu," Bi Pokea akasema, "nitajua kwamba na yule ningemwona."

Kivuli cha kipaa kikawafikia miguuni. Kisha Bi Pokea mwenyewe akapanda kigoda, akakivua kile kitambaa.

Uchungu ulimshika mkwe alasiri moja, na mvua nayo, mvua ya kuwafanya vyura waombe mwavuli. Madirisha yakafungwa, taa ya sola ikaning'inizwa juu ya kitanda. Mtoto akatoka, akalia. Bi Pokea alikuwa bado anamfuta alipoona chini ya kanga uzi mwembamba ukijivuta. Mwekundu. Akautazama ukinenepa, naye hakuuita kivuli.

"Gari!" alimpigia kelele mwanawe. "Hospitali, sasa hivi! Usivae viatu!"

Siku ya tatu mkwe alirudi, amekonda, mtoto mkononi. Aliteremka garini kwa miguu yake.

Kesho yake Bi Pokea aliisugua chemli kama desturi, ila mafuta hakutia. Akaifunga katika kile kitambaa cha kufuma, akashika njia hadi kwa mfinyanzi. Alimkuta anakanda udongo, mikono imezama hadi viwiko.

"Karibu, mwenzangu. Umeniletea taa?"

"Nimekuletea na neno," akasema Bi Pokea, akakaa palepale kwenye matope. "Lina miaka tisa. Ni la mwanao."

Mfinyanzi akaitoa mikono udongoni.