Mguu wa Sista Mejumaa

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kabla ya jua kupanda, sare imepigwa pasi mara mbili, kofia imeshikwa kwa pini nne. Metroni wa wodi, mama mrefu mwenye sauti ya chini, alinikagua kucha, akanikagua viatu, kisha akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Alinizungusha kitanda hadi kitanda mpaka saa saba mchana. Hapo nilimuuliza kwa adabu wauguzi hukaa wapi kunywa chai.

"Viti vya humu ni vya wagonjwa," alinijibu. "Muuguzi haugui wala hachoki. Ukichoka, umekosea kazi."

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mbili, nikaona nimepewa hekima. Niliyaandika maneno yale daftarini. Leo nikiyakumbuka damu hunichemka, na daktari wangu amenikataza kuchemka.

Nilitumika wodi ya wazazi, nikatumika chanjo, kisha nikaanza kuzungushwa zahanati za vijijini huku kusini mwa Kwale. Zamani zile adui zetu walikuwa malaria, surua, kuhara na uzazi mgumu. Mtu alikuja, akapona au akafa, na faili lake likafungwa. Miaka ilipokwenda tukaanza kuwaona watu wa aina nyingine. Mama muuza samaki analalamika kiu isiyokatika. Mkata miwa amekatwa na jani kisigino, na kidonda hakifungi miezi mitatu. Mwalimu wa madrasa, mzima wa afya, kaanguka upande mmoja akishuka mimbari. Sukari na presha zilikuwa zimeingia majumbani bila ya kubisha hodi. Haya ndiyo maradhi sugu. Hayaponi, mtu huishi nayo, na kuishi nayo ni kazi ya kila siku ambayo haina likizo.

Nilipofanywa msimamizi wa zahanati moja upande wa Ramisi, nilianzisha kliniki ya sukari na presha kila Jumatano. Jina la zahanati sitalitaja, maana walioko pale sasa hawana kosa. Tulikuwa wauguzi wawili tu, mimi na Mejumaa.

Mejumaa alikuwa mdogo wangu kwa miaka kumi na mmoja, mwenyeji wa Msambweni, mjane mwenye mabinti wawili. Kwa kliniki ile sijapata kuona mfano wake. Hakuwagombeza watu kwa kula wali wa nazi. Alichukua sahani, akaigawa kwa kidole, akawaonyesha: nusu hii mchicha au mboga ya kunde, robo hii samaki, robo hii ndiyo wali, na mtungi wa sukari ukae kwa jirani. Wazee walicheka, lakini walifuata. Kisha alipiga magoti sakafuni na kukagua miguu. Sukari ikikaa mwilini muda mrefu huua hisia za nyayo. Mtu hukanyaga msumari akaenda nao hadi sokoni. Kwa hiyo Mejumaa alimwambia mgonjwa afumbe macho, akamgusa vidole kwa ncha ya pamba, na kumwuliza, "Nimekugusa wapi, baba?" Asiyejibu, alijua huyo mguu wake uko hatarini.

Walikuja pia watu wa hoteli za Diani, siku zao za kupumzika. Mmoja alikuwa mpishi, kijana wa makamo, aliyeanguka mara mbili jikoni kwa sababu sukari yake ilishuka kwa njaa. Nilimwandikia barua ya kumpelekea mkubwa wake: mtu huyu apewe muda wa kula kwa saa, akae pale anapoweza kukaa, na dawa yake iwekwe mahali pa baridi. Baada ya majuma mawili alirudi akitabasamu. Alikuwa amepewa stuli, na kisanduku chake kwenye friji ya jikoni. Tulifurahi, mimi na Mejumaa, tukaona tumefanya jambo kubwa. Nilimwona akimtazama yule mpishi kwa jicho la kijicho, nami sikujua sababu.

Nilijua baadaye. Asubuhi moja niliingia stoo ya dawa kutafuta glavu, nikamkuta kainua sare yake, anajidunga sindano ya insulini pajani, nyuma ya maboksi. Alishtuka kama mwizi. Alinieleza kwamba alikuwa na sukari mwaka wa sita sasa, na vidonge havikumtosha tena. Alinisihi nisimwambie mtu. Muuguzi mwenzetu mmoja alipojulikana ana presha ya kupanda alihamishwa kwenda mbali na watoto wake, kwa barua iliyosema ati apumzike. Mejumaa alikuwa na mama mgonjwa na mabinti wa shule. Chupa yake ya insulini aliificha kwenye friji ya chanjo, ndani ya kopo la peremende, kwa kuwa kwake hakukuwa na friji.

Sheria ya friji ya chanjo naijua. Haiwekwi kitu kingine, hata kopo la maji. Lakini nilinyamaza, nikaona kopo lile halimdhuru mtoto yeyote.

Msimamizi wa wauguzi wa eneo letu, ambaye sisi tulimwita Mkuu, alikuja kukagua bila ya taarifa. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye kalamu mbili mfukoni, anayejua kila kanuni na asiyemjua mtu. Alifungua friji, akatoa kopo, akalifungua mbele yetu na mbele ya kina mama waliokuja na watoto wao. Akauliza ni la nani.

Mejumaa alikuwa amesimama mlangoni na daftari la chanjo. Alinitazama mimi. Msimamizi nilikuwa mimi, na jibu lilikuwa juu yangu.

"Sijui, Mkuu," nikasema.

Mkuu aliitupa chupa kwenye kisanduku cha sindano zilizotumika na kuandika barua ya onyo kwa zahanati nzima. Mejumaa alimaliza foleni ya chanjo, akaniaga kwa heshima kama kawaida, akaenda zake. Mwezi huo huo nilipokwenda ofisini kwa Mkuu kupeleka ripoti, niliona friji ndogo pembeni mwa meza yake, imejaa soda. Nilipeleka ripoti yangu, nikaondoka. Hata hapo sikusema.

Tangu siku ile Mejumaa aliweka dawa yake nyumbani, kwenye chungu cha maji. Tukichelewa kutoka, sindano ya jioni ilichelewa. Foleni ikiwa ndefu, hakula mchana, nami niliona ni sawa, kwa sababu mimi pia nilikuwa sili. Tulikuwa tukijisifu kwa hilo. Tuliwaambia wagonjwa wale chakula kwa saa, na midomo yetu mikavu.

Kisha ilikuja kampeni ya chanjo, siku tano mfululizo za kusimama na kutembea. Viatu vyeusi vya kufunga vilikuwa amri. Siku ya sita, Jumatano ya kliniki, nilisikia harufu. Muuguzi yeyote anaijua harufu ile. Nilidhani ni mmoja wa wazee walioketi benchini, nikapita nikikagua, mguu mmoja baada ya mwingine, wote walikuwa wasafi. Harufu ilikuwa ikitembea na Mejumaa.

Nilimwita ndani, nikamkalisha, nikamvua kiatu mwenyewe. Soksi ilikuwa imeganda. Chini ya kidole kikubwa palikuwa na shimo, na weusi umeenea hadi unyayoni. Yeye aliangalia kama anayeonyeshwa mguu wa mtu mwingine.

"Umekagua miguu ya watu wangapi juma hili?" nilimuuliza.

"Wengi, dada."

"Na wako?"

"Wangu angeukagua nani?" akasema. Hakulaumu. Aliuliza tu, kama anayetaka jibu.

Mguu ulikatwa chini ya goti. Madaktari waliomhudumia walifanya kila waliloweza, na wao siwanyoshei kidole. Nilikwenda kumwona kila nilipopata nafasi, na kila mara nilitaka kumwomba radhi kwa ajili ya lile neno langu, "Sijui." Mara ya nne nilithubutu. Aliushika mkono wangu, akasema alijua tangu siku ile kwamba niliogopa, kwa sababu yeye pia aliogopa, na woga ulikuwa mmoja. Alinisamehe. Mimi sijajisamehe, na sidhani ni lazima.

Miezi minane baadaye Mejumaa alirudi kwa magongo, akiwa na cheti cha daktari kwamba anaweza kufanya kazi. Mkuu aliniita ofisini. Mezani palikuwa na fomu ya kumwachisha kazi kwa sababu za kiafya. Ilihitaji sahihi ya msimamizi wake wa karibu kuthibitisha kwamba hawezi.

"Weka sahihi, Sista Saumu," alisema. "Tunamsaidia. Mgonjwa gani atamwamini muuguzi wa mguu mmoja kumfundisha kutunza miguu?"

Nilimjibu kwamba wagonjwa wangu watamwamini yeye kuliko watakavyoniamini mimi mwenye miwili. Akaniambia nisiwe na hisia, hii ni kazi. Nilichukua kalamu yake. Palipoandikwa "sababu" niliandika kwamba Mejumaa anaweza kazi yote ya kliniki akiwa ameketi; kwamba anahitaji kiti, muda wa kula na mahali pa baridi pa kuwekea dawa; na kwamba insulini iliyotupwa ilikuwa yake, nami niliulizwa nikasema uongo. Nikatia sahihi chini ya hayo. Yale niliyoyaomba kwa mpishi wa hoteli kwa barua ya mistari mitano, na akapewa, kwa mwenzangu ilinibidi niyaandike kama anayekiri kosa la jinai.

Majibu yalikuja mawili. Mejumaa alibakishwa kazini. Mimi nilipewa onyo la maandishi na uhamisho, nikapelekwa bara, kule kwa wafugaji, ambako maji huja kwa lori na mtu hutembea nusu siku kufuata vidonge vya presha. Sikuijutia ile miaka minne. Watu wa kule walinipokea vizuri, na niliwaanzishia kliniki yao, siku ya mnada, ili mtu akileta mbuzi alete na mwili wake.

Kiti hakikuletwa. Mejumaa alibeba kiti chake cha plastiki kutoka nyumbani, na friji ya pili haikununuliwa. Alifanya kazi hivyo miaka mitatu. Tulikuwa tukipigiana simu kila Jumatano baada ya kliniki, akinisimulia nani kashuka sukari, nani kaacha dawa kwa kudanganywa na mganga. Kisha figo zikachoka. Alifariki mwezi wa Rajabu. Mungu amrehemu. Nilifika kumzika nikiwa na vumbi la bara miguuni, na kina mama wa kliniki walikuwa wamejaa uani hadi barabarani, wengi wao wakitembea kwa miguu aliyowaokolea.

Nilipofika miaka sitini niliandaliwa sherehe ya kuagwa. Palikuwa na pilau, turubai, na hotuba. Mkuu alikuwa amepanda cheo, akaja kama mgeni wa heshima. Alinisifu, akasahau onyo. Kisha akasema kizazi chetu kilikuwa cha wauguzi wa kweli, kama marehemu Mejumaa, aliyejitoa mhanga kwa ajili ya wananchi.

Nilipopewa kipaza sauti nilikuwa nimeandaa shukrani. Karatasi niliikunja.

"Mejumaa hakujitoa mhanga," nikasema. "Alitolewa. Na mkono mmoja uliomshika ulikuwa wangu."

Mkuu alitazama saa yake. Wauguzi vijana waliokuwa nyuma, wamesimama kwa kukosa viti, hawakunipigia makofi, nami sikuyataka. Nilitaka wasikie. Nikawaeleza habari ya chupa na fomu, jinsi nilivyoieleza hapa, na nikakaa chini. Pilau ililiwa kwa haraka siku ile.

Sasa naishi Mwabungo, kwa mwanangu. Nimegundua kwamba nina presha, na waliogundua ni watu wa karatasi za pensheni, walionitaka nipimwe. Miaka thelathini na minane niliwafunga watu mkanda wa presha mikononi, na hakuna mkuu hata mmoja aliyewahi kusema, Saumu, hebu lete mkono wako. Sikuupeleka mwenyewe pia. Nimewasikia vijana wakisema wazee tulikuwa wavumilivu. Msituige. Uvumilivu ule ulijaza makaburi na kuwapa wakubwa hotuba.

Juma lililopita nilikwenda kliniki kuchukua dawa zangu. Nesi aliyekuwa zamu ni binti wa watu, hajafika miaka thelathini, macho mekundu. Aliniamkia shikamoo, akanipima, akaniandikia. Nilimwuliza presha yake ni ngapi. Akacheka, akasema hana nafasi, foleni ni ndefu. Nikamwuliza amekula nini tangu asubuhi. Akainamisha kichwa.

Nilivua mkanda mkononi mwangu nikamfunga yeye. Foleni ikaanza kunung'unika nyuma yangu. Mzee mmoja akauliza kwa sauti kama siku hizi wagonjwa ndio wanaotibu. Sikugeuka. Niliendelea kubonyeza mpira, huku nikimwangalia yule binti ambaye machozi yalikuwa yakimlengalenga, na nikawaambia wangoje.